Orodha Tupu Si Kazi Iliyokwisha

Safu ya kompyuta mwezi huu inaanza kwa kuungama: nusura tukiaibishe chama.

Mnakumbuka kwamba tangu Septemba tunakusanya maneno kutoka kwa wazee wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Silver Spring, Hyattsville na Alexandria. Tuliwaahidi jambo moja: hakuna neno litakalochapwa kabla ya aliyetupa kusomewa maana tuliyoiandika, naye akairidhia. Maneno yote 412 yamo katika hifadhidata ya MySQL. Jedwali la kwanza lina maneno. La pili lina uhakiki, yaani namba ya neno na tarehe ambayo mwenyewe aliliridhia.

Ili kujua kazi iliyobaki, tulitengeneza kile tunachokiita dirisha: swali lililohifadhiwa kwa jina, ambalo kila ukilifungua linaulizwa upya. Dirisha letu lilikuwa na swali ndani ya swali: tafuta kwanza yaliyohakikiwa, kisha tuonyeshe yasiyokuwamo.

Kwenye laptopu zetu lilikwenda vizuri. Kwenye seva tuliyoazimwa likakataliwa, kosa namba 1349. Seva ile ina toleo 5.6, na matoleo hayo ya zamani hayaruhusu dirisha kuwa na swali la ndani baada ya neno FROM. Ruhusa ilikuja na toleo 5.7, mwaka 2015. Seva si yetu, hatuwezi kuibadilisha. Basi tukalihamishia swali la ndani kwenye sharti la WHERE, kwa amri ya NOT IN. Seva ikakubali, nasi tukaenda zetu kula.

Wiki mbili baadaye dirisha likaonyesha sifuri. Tukashangilia: yote yamehakikiwa! Kijitabu cha Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, kikawa tayari kwenda kwa mpiga chapa.

Bahati nzuri tulimpelekea rasimu mama mmoja wa Bukavu. Alipofika kwenye neno "sombe", nasi tumeandika "mchicha uliopondwa", akaweka kikombe chini.

"Wanangu, nani amewaambia hivi? Sombe ni majani ya muhogo."

Mtu wa Tanga angesema kisamvu. Neno hilo mama hakuwahi kusomewa, na chini yake tulikuwa tumeandika jina lake.

Usiku ule tuliilaumu seva. Mmoja wetu akasema tulisome swali kwa sauti, kwa Kiswahili, neno moja moja. Tukasoma: "Je, ni kweli kwamba namba 205 haimo katika orodha hii: 1, 2, 3, na nyingine nisiyoijua?"

Tukanyamaza. Jibu la haki ni "sijui". Huenda hiyo isiyojulikana ndiyo 205 yenyewe.

Tukafungua jedwali la uhakiki. Kweli, mstari mmoja ulijazwa tarehe bila namba ya neno, na pengo hilo hifadhidata huliita NULL. Katika SQL sharti lina majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. WHERE hupitisha kweli tu. Kwa hiyo pengo moja lilitosha kuondoa maneno yote ambayo hayajahakikiwa. Seva ilijibu sawasawa; swali ndilo lililokuwa baya.

Dawa ilikuwa fupi. Tuliondoa NOT IN tukaweka NOT EXISTS, inayouliza: "Je, hakuna mstari wowote wa uhakiki wenye namba 205?" Mstari wenye pengo haulingani na namba yoyote, hivyo hauzuii kitu. Kisha tukaufuta mstari ule, na safu ya namba tukaifanya ya lazima, asiyejaza asiweze kuhifadhi. Dirisha likafunguka upya: maneno 38 yanasubiri.

Walimu wa mwaka wa kwanza hawachoki kutueleza tofauti ya "hakufika" na "hajafika". Sisi tuliiona sifuri tukasoma "hakuna", bila kuuliza kama kompyuta ilimaanisha "sijui". Tangu sasa, orodha ikija tupu, tutachukua maneno matatu tunayojua hayajahakikiwa, tuone kama yanatokea.

Hadi leo tumekwisha kuwasomea wenyewe maneno 29. Matatu yalikuwa na maana potofu, "sombe" likiwamo. Sita ni ya mzee mmoja aliyerudi Kigoma. Bado tunatafuta namba yake ya simu, na tusipompata hayatachapwa. Matatu ya mwisho ni ya bibi mmoja wa Alexandria, asiyependa kuzungumza kwa simu. Tunakwenda kwake Jumamosi saa nne asubuhi. Mwenye gari na atuambie; mkate wa mofa umeahidiwa.