Njia za Miguu za Ndera Zilindwe Kabla Hazijafungwa

Serikali ya Kaunti ya Tana River inapaswa kuzichora kwenye ramani na kuzilinda kisheria njia zote za miguu zinazofuata Mto Tana katika Ndera: zinazounganisha vijiji, zinazopita msituni, na malka zinazowafikisha ng'ombe majini. Kazi hiyo itangulie kambi za watalii, mabango na hotuba za uzinduzi. Njia zikishakuwa salama kwa mwenyeji, mgeni anayetaka kutembea kandokando ya mto mrefu kuliko yote nchini atapata pa kupita, na atalipa. Tukianza na mgeni, tutampoteza yeye na njia pia.

Watu wa Ndera ni watembeaji. Mpokomo huenda kwa miguu hadi shambani kwake ukingoni, kwenye migomba, miembe na mpunga unaongoja maji ya mafuriko. Muorma na Mwardei huswaga mifugo kutoka malishoni hadi mtoni na kurudi. Watoto huenda shule, akina mama huteka maji, wavuvi huenda kwenye maziwa madogo yaliyoachwa na mto ulipohama. Njia zao ni za zamani kuliko barabara ya Garissa kwenda Garsen. Hata hivyo, nyingi hazina ulinzi wowote. Mtu akiweka ua, njia imekufa, na wa kumwuliza ni shida kumpata.

Mambo matatu yanazifunga. La kwanza ni mashamba yanayotanuka ukingoni bila mpango, hadi malka iliyokuwa pana inabaki uchochoro. La pili ni mathenge, mti ulioletwa miongo iliyopita ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ambao sasa umejaza miiba yake kwenye malisho na mapito. Ng'ombe hawezi kuupenya na mtu hawezi kuona mbele. La tatu ni mto wenyewe. Tana huhama. Hula ukingo mmoja na kujaza mchanga mwingine, na mafuriko ya masika na vuli yanaweza kufuta njia kwa usiku mmoja. Hili la tatu hatuwezi kulizuia, ila tunaweza kulipangia. Mawili ya kwanza ni kazi ya binadamu, na binadamu anaweza kuyarekebisha.

Tusiichukulie malka kuwa jambo dogo la wafugaji. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma huko chini katika delta ya Tana. Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani ni majina ambayo hakuna mtu wa Tana River asiyeyajua. Siasa za uchaguzi zilichochea moto ule, lakini kuni zilikuwa zimekusanywa kwa miaka: shamba lililoziba njia ya maji, ng'ombe walioingia shambani, kesi isiyokwisha. Malka iliyopimwa, ikawekewa alama na kukubaliwa na wazee wa pande zote mbele ya chifu, huondoa sababu moja kubwa ya ugomvi. Mkulima anajua aishie wapi, na mchungaji anajua apite wapi. Kwa amani ya kudumu, mita chache za ardhi si gharama ya kulalamikia.

Upande wa pili wa hoja yetu ni msitu. Vipande vya msitu vilivyobaki kandokando ya Tana ya chini ni makazi ya aina mbili za kima wasiopatikana kwingine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana mwenye kishungi. Wote wawili wamo hatarini kabisa kutoweka. Mbega huishi juu ya miti, akila majani na matunda, na huruka kutoka tawi hadi tawi. Mangabe hushuka chini mara nyingi, akichakura mbegu na matunda yaliyoanguka, hasa ya mikuyu na mikindu. Miti hiyo hiyo ndiyo wenyeji huitumia kuchonga mitumbwi, kujengea na kugema tembo. Msitu wenyewe hulishwa na mafuriko, na tangu mabwawa ya juu ya mto yajengwe, Masinga mwaka 1981 likiwa kubwa kuliko mengine, mafuriko hayo hayaji tena kama zamani.

Ndiyo maana aina ya njia itakayotengenezwa ina uzito. Mhandisi aliyezoea barabara atataka kufyeka mita nne na kumwaga changarawe. Tunasema hapana. Njia ya msituni Ndera iwe ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake, ili matawi yaendelee kukutana juu na mbega aweze kuvuka bila kugusa ardhi. Isiwe ya saruji, kwa kuwa mto utaibeba. Alama ziwe nguzo fupi zinazoweza kung'olewa na kusogezwa mto unapohama. Itembelewe zaidi miezi ya kiangazi, na ifungwe maji yanapopanda. Njia ya namna hii ni rahisi kujenga, na vijana wa kijijini wanaweza kuitunza kwa panga na jembe.

Kuna wanaokumbuka yaliyopita na kuogopa, na hofu yao ina msingi. Hifadhi ya Taifa ya Wanyama wa Jamii ya Nyani ya Mto Tana ilitangazwa mwaka 1976. Miaka ya 1990 ukaja mradi uliopitia Benki ya Dunia, na mpango wa kuwahamisha wenyeji ukawa sehemu yake. Wenyeji wakakataa, mradi ukafungwa mapema, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kuwa hifadhi ile haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Funzo ni wazi. Hakuna kima atakayeokolewa kwa kumfukuza jirani yake. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo nayo iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria. Ndera nayo ina hifadhi ya jamii; wanaoiongoza na wafadhili wake waisome hukumu hiyo kwa makini.

Kwa hiyo ridhaa ije kwanza, na ije kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wowote wa uwekezaji katika ardhi ya jamii ukubaliwe na theluthi mbili ya wanajamii wazima katika mkutano wao. Kikao cha wazee watano na chai hakitoshi. Wanawake ndio wanaotumia njia za mtoni kila siku, na vijana ndio watakaowaongoza wageni. Wote wawe mkutanoni na kura zao zihesabiwe.

Wanaouliza kama watu kweli watakuja kutembea tu msituni, waende Msitu wa Karura, Nairobi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miche kwenye ardhi iliyokuwa ikigawiwa wajenzi. Kwa miaka mingi msitu ule wa hekta 1,041 ulikuwa mahali pa kuogopwa na wakazi wa Nairobi. Shirika la Huduma za Misitu na wakazi waliojiunga katika Friends of Karura walipoweka ua, walinzi na njia za matembezi zenye alama, watu walirudi. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia, na familia hufurika wikendi. Mwizi wa miti na mnyakuzi wa ardhi hawapendi mahali penye macho mengi. Watembeaji wenyewe wamekuwa ulinzi wa Karura.

Karura ina funzo la pili. Mwaka 2025 ulizuka mzozo Shirika la Huduma za Misitu lilipotaka ada zote zipitie mfumo wa serikali wa eCitizen, na wakazi wakauliza ni nani atakayelipa walinzi na kutunza njia. Ndera isingoje kufika huko. Kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa, iandikwe nani anakusanya, nani anakagua hesabu, na ni kiasi gani kinabaki kwa waongozaji, kwa zahanati na kwa karo za watoto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Ndera hajapona kama fedha za mgeni zinapita juu ya kichwa chake kwenda Hola au Nairobi.

Usalama nao usifanyiwe mzaha. Tana ina mamba na viboko, na msituni kuna nyati. Hakuna mgeni anayepaswa kuingia bila mwongozaji mwenyeji aliyefunzwa, na hakuna mtoto anayepaswa kuteka maji mahali panapojulikana kuwa pa mamba. Vivuko ni sehemu ya njia. Aprili 2024, mafuriko yalipokata barabara, mashua ilizama Kona Punda karibu na Madogo na watu wakapoteza maisha. Kila kivuko kinachotumika Ndera kiwe na mashua iliyokaguliwa na maboya ya kujiokolea kwa kila abiria. Tunaomba jambo ambalo kaunti inaweza kuligharimia bila kungoja mfadhili.

Miji yetu nayo ijifunze mapema. Hola na Garsen zinakua, na viwanja vinauzwa kuelekea mtoni. Kanuni za maji zimetaja ukanda wa ukingo wa kati ya mita 6 na 30 ambao haupaswi kujengwa. Nairobi ilipuuza ukanda huo kwa miongo mingi. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilibomoa nyumba za maskini huko Mathare na Mukuru kwa jina la kuulinda mto, na maelfu wakalala nje. Hola na Garsen bado zina nafasi ya kuepuka aibu hiyo. Ukanda wa ukingo ukipimwa leo, ukapandwa miti na kuachiwa njia ya kutembea, mwanafunzi atapata kivuli, mgonjwa wa sukari aliyeambiwa na daktari atembee atapata pa kutembelea, na mafuriko yatapata pa kupumulia bila kubomoa nyumba ya mtu.

Tunataka mambo manne. Kaunti ipime na kusajili malka na njia zote za miguu za Ndera, kwa kushirikiana na wazee wa Wapokomo, Waorma na Wawardei. Itenge fedha kila mwaka za kufyeka mathenge kwenye njia hizo na kuwalipa vijana wa vijiji husika kwa kazi hiyo. Hifadhi ya jamii ya Ndera, ikishapata ridhaa ya mkutano wa jamii, ianze na njia moja fupi ya matembezi msituni, yenye waongozaji wenyeji na hesabu zilizobandikwa ukutani kwa kila mtu kusoma. Na mipango ya miji ya Hola na Garsen ichore ukanda wa mto kabla ya hati nyingine ya kiwanja kutolewa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia ya ng'ambo au mkopo. Yanahitaji mpima ardhi, panga, daftari na uongozi ulio tayari kusimama hadharani na kusema njia hii ni ya wote, na anayeifunga atawajibika. Bunge la kaunti lipitishe sasa mswada wa kuyatekeleza. Wakulima, wafugaji na wavuvi wa Ndera wamengoja vya kutosha.