Anayetuma Hela Asiichore Nyumba

Mwaka jana, mwezi wa kumi, niliandaa bajeti ya kubadilisha dirisha la sebuleni nyumbani kwetu Tanga, na nikakosea karibu kila mstari. Nasoma shahada ya uzamili ya fedha. Nalisema hili mapema usije ukadhani nimekuja hapa kuwasema wengine huku mimi nimekaa pembeni.

Dirisha lenyewe ni la kutokeza nje ya ukuta, lenye pande tatu: upande mpana wa mbele na mbavu mbili za mshazari. Kuna mafundi wanaoliita bei-windo. Sisi nyumbani tunaliita tumbo, kwa sababu ukiitazama nyumba kutoka barabarani utadhani ina mimba. Marehemu baba alilijenga mwaka 1994, likiangalia mashariki, kwa fremu za mninga. Hadi mwaka jana mchwa walikuwa wameshakula fremu ya chini, maji ya masika yalikuwa yakipenya pale tumbo linapoungana na ukuta, na ubavu mmoja ulikuwa haufunguki mpaka uupige kiwiko.

Familia ikaamua lirekebishwe. Ninaposema familia, nina maana ya kundi letu la simu: kaka aliyeko Dodoma, dada aliyeko Mwanza, mimi niliyeko Dar es Salaam, na baba mdogo ambaye anaishi Tanga lakini mtaa mwingine. Mama yumo pia kwenye kundi hilo. Kwa kawaida anatuma dua za asubuhi na salamu za Ijumaa, na tukianza mambo ya hela ananyamaza, kwa sababu hela ni zetu.

Fundi alikuja akapima, akaandika makadirio mawili. La kwanza: bomoa tumbo, nyoosha ukuta, weka dirisha moja la alumini la kusukuma, futi 8 kwa 5. Shilingi 1,150,000. La pili: acha umbo kama lilivyo, tengeneza kifuniko cha juu, weka madirisha matatu ya alumini yenye bawaba. Hilo alilipigia jumla ya kila kitu, pamoja na akiba ya dharura: 2,090,000.

Nikafungua kompyuta. Nikachora jedwali zuri, safu za kijani na nyekundu, nikaweka tofauti chini kwa herufi nzito: 940,000. Nikapendekeza la kwanza. Kaka akajibu kwa kidole gumba. Dada akaandika, “Afadhali, na litapendeza, nyumba zote siku hizi ndiyo zilivyo.” Baba mdogo akaongeza kwamba matumbo ni mambo ya zamani. Dakika kumi na moja, kikao kimefungwa.

Sasa niseme kilichoniudhi, na kinachoendelea kuniudhi kila ninapopita mitaa yetu. Tumekubali kimyakimya kwamba anayetuma hela ndiye mwenye nyumba. Kijana anapata kazi mjini, anatuma laki mbili, na pamoja na laki mbili anatuma na ramani. Anaamua rangi ya ukuta ambao hataulalia. Anang’oa mwembe kwa sababu majani yanachafua ua, na ua haufagii yeye. Akija Idi au Krismasi anakaa siku nne, anapiga picha mbele ya geti, anaondoka. Aliyebaki ndani anaishi na maamuzi yake siku 361.

Dirisha ndilo linaloonyesha ugonjwa huu vizuri kuliko kitu kingine, kwa sababu dirisha lina nyuso mbili. Uso mmoja unaonekana na wapita njia, na huo ndio tunaoutengea hela. Uso wa pili unaangalia ndani, kwa mtu aliyekaa. Huo hatuuandiki popote.

Ngoja nifungue hesabu, maana mimi ni mtu wa hesabu na nilistahili kuanza nazo.

Karatasi ya bei rahisi haikuwa imekamilika. Ile 1,150,000 ilikuwa dirisha lenyewe, 720,000, na kubomoa na kujenga ukuta, 430,000. Haikutaja nondo za kuzuia wezi, 260,000. Haikutaja lipu na rangi ya sebule, ambayo lazima upake yote kwa sababu kipande kipya hakifanani na ukuta wa miaka thelathini: 210,000. Haikutaja kirikuu cha kuondoa kifusi: 80,000. Jumla inakuwa 1,700,000. Ukiongeza asilimia 10 ya dharura, kama ilivyoongezwa kwenye karatasi ya pili, unapata 1,870,000. Tofauti niliyoipamba kwa herufi nzito, 940,000, ilikuwa kweli 220,000 tu. Fundi hakutudanganya. Aliandika alichoulizwa. Mimi ndiye niliyelinganisha chungwa lililomenywa na chungwa lenye maganda.

Halafu kuna upepo. Dirisha la kusukuma la vioo viwili halifunguki lote. Ukisukuma kioo kimoja kinakwenda kukaa mbele ya mwenzake, kwa hiyo unalipia dirisha zima na unapata uwazi wa nusu. Futi 8 kwa 5 ni futi 40 za mraba. Zinazopitisha hewa ni 20. Tumbo lina upande wa mbele wa futi 5 kwa 5 na mbavu mbili za futi 2 kwa 5. Hizo ni futi 45, na kwa bawaba zinafunguka zote. Zaidi ya mara mbili.

Na mbavu zile hazikuwekwa kwa urembo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali. Kusi inaingia Aprili kutoka kusini mashariki. Nyumba inaangalia mashariki. Ubavu mmoja unaitazama kaskazi uso kwa uso, ubavu wa pili unaitazama kusi. Baba hakuwa msanifu majengo. Alikuwa karani wa bandari, mtu aliyeshinda akitazama maji na bendera. Sijui kama aliwahi kulieleza hilo kwa maneno. Ninachojua ni kwamba nyumba yetu haikuwahi kuwa na kiyoyozi, na utotoni sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kaka aliliona tatizo la joto, na kwa moyo mzuri kabisa akasema, “Nitamnunulia Mama eisii.” Hapo ndipo bajeti zetu za kisasa zinapoishia: tunaziba upepo wa bure, kisha tunanunua upepo wa kulipia, na tunaita maendeleo. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kikifanya kazi mfululizo, kinakula takriban uniti moja ya umeme kwa saa. Saa tano kwa siku ni uniti 150 kwa mwezi. Mama leo yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao wanalipa bei ya chini. Akivuka hapo anaingia kwenye bei ya kawaida, zaidi ya shilingi 350 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo. Uniti 150 kwa 350 ni 52,500 kwa mwezi. Miezi minne ya kaskazi ni 210,000, bila kuhesabu bei ya kiyoyozi, gesi yake, na fundi wake.

Ile “akiba” ya 220,000 ingeliwa na LUKU kabla ya masika ya kwanza. Na LUKU angeinunua nani? Mama, kwa pesa yake, kwa sababu mchango wa dirisha ungekuwa umeshakwisha na sisi tungekuwa tumeshajipongeza.

Najua utasema nini. Utasema, si kila mtu ana milioni mbili. Kweli. Lakini usiniambie hivyo katika familia ileile ambayo mwezi wa sita ilichanga milioni tatu na nusu ndani ya wiki mbili kwa ajili ya harusi ya binamu, na kwenye kadi majina ya wanakamati yalijaa ukurasa. Hela ya kuonekana inapatikana. Inayokosekana ni hela ya kutunza, kwa sababu lenta iliyorekebishwa haitangazwi kwa spika.

Utasema pia kwamba nalilia mbao za mninga na zama za baba. Hapana. Mninga unachukua miaka mingi kukua, bei yake imepanda, na mchwa wa Tanga hawana adabu. Alumini ni sawa. Hata makadirio ya pili yalikuwa ya alumini. Swali halikuwa mbao au alumini. Swali lilikuwa linafunguka vipi, linaangalia wapi, na linamfaa nani.

Hilo la mwisho ndilo ambalo hatukuliuliza. Tulijadili kwa wiki sita. Nimerudi nyuma kwenye kundi nikahesabu: ujumbe 143 kuhusu dirisha. Rangi ya alumini, kahawia au nyeupe, ujumbe 31. Mapazia yatakayolingana, ujumbe 12. Mama, hata mmoja.

Nilikwenda Tanga mwezi wa kumi na moja kumpelekea fundi malipo ya awali. Mama alikuwa amekaa kwenye tumbo, kama siku zote, mbele ya cherehani yake. Ana miaka 63, ana presha, na tangu baba afariki anashona mashuka na sare za shule. Cherehani inaingia sawasawa katika kile kina cha futi moja na nusu ambacho tumbo linaongeza. Mwanga unamjia kutoka pande tatu, kwa hiyo mkono wake hautupi kivuli kwenye sindano. Akiwa hapo anamwona muuza vibua kabla hajapiga kelele, na anajibu shikamoo za watoto wanaotoka madrasa bila kuinuka.

Nilimwonyesha mchoro kwenye simu. Ukuta ulionyooka, kioo kikubwa, alumini ya kahawia. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

“Zuri,” akasema. “Mungu awabariki, wanangu.”

Akarudi kushona. Baada ya kama nusu saa, bila kugeuka, akauliza, “Na cherehani yangu nitaiweka wapi?”

Sikuwa na jibu. Kwenye jedwali langu hakukuwa na cherehani. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu wiki zote hizo, akasema, “Mwanangu, anayepewa hachagui.” Aliyesema hivyo ni mwanamke aliyebeba kokoto za msingi wa nyumba ile kichwani. Tumemgeuza mgeni ndani ya nyumba yake kwa laki mbili mbili.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu tuliosoma, tuliofunzwa kwamba bajeti ni jambo la namba: bajeti inaanza na kiti. Nani anakaa pale? Saa ngapi? Anafanya nini? Jua linampiga wapi? Nyumba ikiwaka moto usiku, atatokea wapi kama nondo zote zimechomelewa? Ukishapata majibu, ndipo uite fundi, na umtake aandike vyote: kifusi, nondo, lipu, rangi, usafiri, dharura. Halafu hesabu miaka kumi ya kulitumia, usihesabu siku ya kulilipia tu. Na kama hela haitoshi, gawa kazi kwa awamu. Usikate nyumba ili ilingane na mchango.

Niliandika hayo yote kwenye kundi usiku uleule, bila rangi za kijani. Baba mdogo alinuna kidogo. Nilimpigia asubuhi, shikamoo, tukazungumza, akalegea. Kaka alikubali kuhamishia kwenye dirisha hela aliyotaka kununulia kiyoyozi. Hiyo peke yake ilifunika tofauti na ikabaki.

Kazi ilifanyika mwezi wa pili, siku tisa. Dharura iliisha yote, kwa sababu nondo za kifuniko zilikuwa zimeshaliwa na kutu ya hewa ya bahari. Grili ya ubavu mmoja inafunguka kwa ndani, na ufunguo unaning’inia kwenye msumari karibu na cherehani.

Safari hii tulimuuliza Mama anataka nini. Alifikiri siku mbili, halafu akaomba kitu kimoja: ukingo wa ndani wa dirisha uongezwe upana inchi nne, apate pa kuweka mkasi, chaki na bobini. Shilingi 45,000. Kaka aliandika kwenye kundi, “Hii ya nini tena?”

Mama akajibu mwenyewe. Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza kuhusu dirisha. “Ni yangu,” aliandika. Tukalipa.