NYUMBA YETU: Watoto watalala wapi?



Juma lililopita, kisha likelemba, mama mmoja wa kwetu alibaki nyuma wakati wengine walikuwa wanaenda. Akaniambia: "Yaya, nikuulize neno. Tuko watu wanane, chumba kimoja na salo. Niwalaze wapi?" Nikacheka kidogo, nikifikiri ni neno la matela tu. Kisha akashusha sauti: "Binti yangu wa miaka 13 hataki tena kulala nyumbani. Kila jioni anaomba aende kwa nkambo wake." Sikucheka tena.

Wengi wetu tunajua tulivyofika hapo. Tangu 2014, watu walipoanza kuchimba kobalti ndani ya parsele za Kasulo, mashimo yamepita chini ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahama. Mama huyu hakuhamishwa na mtu. Sakafu yake ilipasuka, akaogopa, akatoka na watoto. Nyumba ya vyumba vitatu ikawa nyumba ya kupanga ya chumba na salo. Vyumba vilipungua, lakini watu hawakupungua.

Kesho yake nilienda kwake na utepe wa kupimia nguo. Chumba ni meta 3 kwa 3, salo inazidi kidogo. Baba na mama walikuwa wanalala chumbani. Salo ilikuwa ya wengine wote: binti, wadogo wanne wa miaka 9, 7, 5 na 3, pamoja na shemeji wa miaka 19 anayechimba. Shemeji anarudi usiku sana, anawasha toshi, anawaruka watoto, anabadili nguo palepale. Mama alikuwa amemuuliza binti kwa upole kama kuna kitu alichotendewa. Hapana, hakuna. Lakini msichana alikuwa analala amevaa nguo zake za mchana. Wamama, mtoto akilala amejifunga hivyo, amekwisha kusema. Tusingoje jambo litokee ndipo tupange nyumba.

Neno la kwanza, basi, si matela. Ni kuuliza nani asilale karibu na nani. Mama aliogopa kumwambia baba watoto kwamba mdogo wake atafute pengine, asije akasikia kama tunamfukuza ndugu. Nilimshauri aseme juu ya nafasi, asiseme juu ya tabia: "Binti amekuwa mkubwa, nyumba imekuwa ndogo." Baba alinyamaza siku mbili, kisha akazungumza na mdogo wake mwenyewe. Kijana sasa analala na wenzake parsele ya tatu, na bukari anakula kwetu kama zamani. (Lakini mtoto akikuambia kwamba ametendewa kitu, hapo hakuna tena mazungumzo ya nafasi. Mwamini, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache alale tena chini ya dari moja na mtu huyo.)

Neno la pili: anayelala mapema apewe chumba. Salo ndipo wageni wanakaa mpaka saa nne za usiku. Watoto wanasinzia kwenye viti, wakingoja watu waondoke ndipo matela itandikwe, na asubuhi wanasinzia tena shuleni. Tuligeuza. Watoto wakaingia chumbani, baba na mama wakatoka salo. Wakubwa ndio wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka, tena wako karibu na mlango wa nje. Mchana matela yao inasimamishwa nyuma ya kabati na kufunikwa kikwembe.

Neno la tatu: hesabu ya matela. Matela kubwa ni sentimeta 140 kwa 190. Ukilaza watoto wanne kwa urefu, kila mmoja anapata sentimeta 35, na usiku kucha ni viwiko na kulia. Ukiwalaza kwa kukingama, vichwa vyote upande mmoja wa ile 190, kila mmoja anapata 47. Inawezekana kama mtoto hajapita sentimeta 140. Akipita, miguu itatoka nje, mwongezee benchi lenye mto. Matela hiyo tuliisukuma ukutani. Ukuta wa pili tukaweka matela ndogo ya sentimeta 90, ile ya shemeji, ikawa ya binti. Katikati ilibaki nafasi ya 70 ya kupita. Tukavuta kamba, tukapachika rido ya kikwembe cha zamani. Binti alifungua na kufunga rido ile mara nne, bila kusema neno.

Mustikere ni mbili, moja kila upande. Mustikere mpya yenye dawa, itandaze kwanza kivulini siku moja, usiianike juani. Usiku ingiza ncha zake chini ya matela pande zote, hata kama mnalala chini. Mguu unaogusa wavu, mbu anauuma kupitia palepale.

Sasa neno linalonipa uzito zaidi. Chini ya kitanda cha zamani tulikuta mifuko miwili ya mawe ya shemeji, imewekwa pale isiibiwe. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti walioufanya hapahapa Kasulo. Walikuta kobalti nyingi katika damu na mkojo wa watu wa mtaa huu kuliko watu wa mtaa wa jirani, na iliyozidi ilikuwa kwa watoto. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa nayo pia. Mtoto anayelala chini ndiye aliye karibu zaidi na vumbi hilo.

Kwa hiyo mawe yasilale na watoto, hata usiku mmoja. Nguo na viatu vya shimoni vibaki nje ya mlango, vifuliwe peke yake. Asubuhi kunja matandiko kwanza, yapeleke nje uyakung'ute. Kisha pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unainua vumbi, na linarudi kutua penye mito. Watoto wanawe mikono kabla ya kula na kabla ya kulala.

Na kabla ya kutandika, angalia sakafu yenyewe. Usiweke matela juu ya ufa. Chora alama ya makala kwenye mwisho wa ufa, na kila Jumamosi uangalie kama umepita alama. Ukipita, au sakafu ikibonyea, au ukisikia kugongwa chini usiku, toa watoto kwanza, maneno baadaye. Njia ya mlangoni ibaki wazi usiku: pasiwe ndoo wala baiskeli.

Mwisho, baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Kolwezi unauma, na najua tunachofanya, kwani nilikifanya mimi mwenyewe. Niliingiza mbabula yenye makala chumbani, nikafunga dirisha. Usiku mwanangu aliniita akitapika, kichwa kinampasuka, nami nilishindwa kusimama. Nilitambaa mpaka mlangoni nikaufungua. Hewa ya sumu ya makala haina harufu wala rangi, na jivu juu ya makala haliizuii. Mbabula ibaki nje. Baridi inatoka chini, kwa hiyo weka makarato makavu na mifuko safi ya unga chini ya matela, kisha blanketi. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kikwembe, inatosha miguu minne.

Kazi yote ilikuwa mchana mmoja. Tulinunua kamba na misumari tu. Nyumba bado ni ndogo, na mvua ikianza manjanja yatavuja palepale pa mwaka jana. Lakini Jumapili jioni binti hakuomba kwenda kwa nkambo. Aliingia nyuma ya rido yake, na mama alisikia akivua nguo za mchana.

Nyumba yako pia, ipime juma hili. Anza na swali lile la kwanza.

Tuonane juma lijalo.