MKUKI KWA NGURUWE: WIMBO NI MMOJA, MIZANI NI MBILI

Muuza nyama akiweka kidole juu ya mizani, mkaguzi wa vipimo humjia na mizani yake huchukuliwa mbele ya watu. Mkulima wa pamba akipunjwa, hupeleka kilio chake kwenye chama cha ushirika. Lakini iko mizani moja katika nchi yetu ambayo hakuna aendaye kuikagua, nayo ni mizani ya kupimia nyimbo. Wimbo mmoja huwekwa juu yake ukaambiwa ni uchafu. Mwingine wenye mafumbo ya namna ile ile huwekwa ukaambiwa ni utamaduni. Wimbo mmoja huitwa kosa asubuhi, na jioni ukaitwa uzalendo. Twauliza: mizani hii ni ya nani, na kidole kilicho juu yake ni cha nani?

Kabla hatujakwenda mbali, tuwajibu wale walio tayari kusema kwamba gazeti hili latetea matusi. La hasha! Sisi tuna watoto, na watoto wetu hupanda daladala zile zile wapandazo watu wote. Ziko nyimbo ambazo mtu mzima hawezi kuzisikiliza akiwa amekaa na mkwewe. Ziko nyimbo zinazomfanya mwanamke kuwa kama kitoweo cha sokoni. Hizo hatuzitetei leo wala kesho. Tunalopinga sisi ni vipimo viwili. Mwenye kupima kwa haki hana haja ya kujua wimbo ni wa nani kabla hajaupima. Hawa wapimaji wetu huuliza kwanza nani ameimba na nani amekasirika, ndipo wayatazame maneno.

MAMBO YA MACHI 2017

Tuchukue mfano ambao wengi wanaujua. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao Wapo, wenye kuwasema wakubwa. Mwimbaji akakamatwa na polisi mkoani Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, likaupiga wimbo marufuku. Wiki haijakatika, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo, na ameagiza mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe. Mwimbaji akashauriwa hata auongezee maneno juu ya wakwepa kodi na maovu mengine.

Kutoka rumande kwa mtu asiye na hatia ni jambo la kufurahiwa, nasi tulifurahi. Lakini tazameni vizuri, ndugu zetu. Kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kuachiwa, hapakuwa na neno hata moja lililobadilishwa katika wimbo ule. Kama ulikuwa mbaya, kupendwa na mkubwa hakuwezi kuufanya mzuri. Na kama ulikuwa mzuri, waliomkamata walimkamata kwa kosa gani? Kilichobadilika ni sikio tu. Lilipokuwa sikio la ofisa, wimbo ulikuwa kosa. Ulipofika katika sikio la mkubwa wake, ukawa halali.

Twasema wazi: uhuru wa kuimba ukitolewa kwa hisani ya mkubwa, huo si uhuru, ni zawadi, na mtoa zawadi aweza kuirudisha mfukoni wakati wowote. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2023 mwimbaji huyo huyo aliitwa na Baraza lile lile kuhojiwa juu ya wimbo wake mwingine, Amkeni. Safari hiyo hatukusikia amri yoyote ya kumfungulia. Sasa kijana anayetunga wimbo wake leo usiku ajifunze nini hapa? Ajifunze sheria, au ajifunze kubahatisha moyo wa mkubwa?

MTINDO WA MKOLONI

Mtindo huu haukuanza jana. Zama za Mwingereza, Mwafrika aliyetaka kupiga ngoma mjini alipaswa kuomba kibali kwa Bwana Shauri, huku Wazungu katika klabu zao wakicheza dansa mpaka usiku wa manane bila kuulizwa na mtu. Ngoma ya Beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, iliandikiwa ripoti na maofisa walioona fitina ndani ya kila tarumbeta. Ngoma ya mtawaliwa ilikuwa jambo la polisi. Dansa ya mtawala ilikuwa starehe.

Huko Unguja alikuwako mama yetu Siti binti Saad, mtoto wa watumwa, aliyetia sauti yake katika santuri kule Bombay mwaka 1928. Siti hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba habari za Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatoroka, na mahakama ya kikoloni ikawageuzia kibao wanawake waliotoa ushahidi. Mji mzima wa Unguja ulizijua dhuluma za hakimu yule kwa sababu Siti aliziimba. Leo twamsifu Siti, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao twajivunia kuwa nao. Lakini twauliza: angelikuwa hai, akaisema hukumu ya mahakama ya siku hizi kwa ulimi ule ule, angevikwa taji au angeitwa ofisini kujieleza? Kumsifu aliyemsema mkoloni ni rahisi, maana mkoloni amekwisha kwenda zake. Mtihani ni kumvumilia anayetusema sisi.

WIMBO ULIOKATAZWA WATU WAKIFA

Wako watakaosema, "Haya ni mambo ya nyimbo tu, yana uzito gani?" Basi na wasikilize haya.

Ugonjwa wa UKIMWI uliingia Tanzania mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wakaonekana mkoani Kagera. Watu wakafa vijijini, nyumba zikabaki na bibi na wajukuu. Katika wakati huo Remmy Ongala, mtu aliyezaliwa Kongo na kufanywa mwenyeji wa Dar es Salaam na wapenzi wake, mtu ambaye hata kituo cha basi pale Sinza kinaitwa kwa jina lake, alitunga wimbo Mambo kwa Soksi. Kila mtu alijua soksi hiyo ni soksi gani. Remmy aliwaambia wanaume wajikinge, kwa lugha ya baraza na ya kilabu cha pombe, lugha wanayoielewa.

Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Wimbo ulionekana una matusi. Na mjue kwamba wakati ule Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kusikiliza. Aliyefungiwa mlango ule alikuwa amefungiwa milango yote. Miaka ikapita, makaburi yakaongezeka, kisha matangazo ya kondomu yakajaa redioni na katika mabango ya barabarani, yakisema lile lile alilosema Remmy. Neno lilipotoka katika kinywa cha mpiga gitaa wa Sinza lilikuwa tusi. Lilipotoka katika ofisi yenye fedha za wafadhili likawa elimu ya afya.

Hatusemi kwamba wimbo mmoja ungeliponya taifa. Twasema kwamba walikuwako watu ambao bango halikuwafikia mapema, na wimbo ungewafikia. Hiyo ndiyo gharama ya mizani mbovu, na walioilipa hawakuwa wenye mizani.

FUMBO LA BIBI NA FUMBO LA KIJANA

Sasa tuje kwenye mafumbo. Waswahili ni watu wa fumbo. Taarabu bila fumbo ni wali bila chumvi. Katika unyago, makungwi hawamfundishi mwari kwa kunong'ona. Hupiga ngoma na kuyataja mambo kwa majina yake. Bi Kidude, fundi mkubwa wa kazi hiyo, aliuimba Muhogo wa Jang'ombe dunia nzima, na hakuna mtu mzima aliyedhani kwamba habari ile ni ya kilimo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2012 Serikali yetu ikamvika nishani. Alistahili, na zaidi ya hayo.

Lakini Novemba 2018 BASATA ikaufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Kosa lake kubwa lilikuwa nini? Walichukua jina la mahali huko huko Mwanza wakalichezea mpaka likatoa maana ya pili. Desemba, baada ya kuuimba jukwaani, wakazuiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi kwa muda usiojulikana. Wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa.

Hatusemi vijana hawa walikuwa na ufundi wa Bi Kidude. Tena tunakubali kwamba unyago una mahali pake na watu wake, na redio huingia kila nyumba bila kubisha hodi. Hiyo ni hoja ya haki. Lakini kama hoja ni mahali na saa, basi isemwe hivyo: wimbo huu usipigwe mchana, upigwe usiku watoto wakiwa wamelala. Kufunga wimbo kabisa, kisha kumfunga na mwimbaji asifanye kazi yake hata nchi za watu, hakuna uhusiano na usingizi wa watoto.

JE, LUGHA YA MZUNGU HAINA MATUSI?

Liko jambo lingine linalotukera zaidi. Ingia katika daladala, kaa katika kinyozi, pita mbele ya ukumbi wa harusi. Utasikia nyimbo za Marekani zenye maneno ambayo yangetafsiriwa kwa Kiswahili, dereva angezima redio na mama mkwe angetoka ukumbini. Nani aliwahi kuitwa ofisini kwa ajili ya hizo? Watu hutikisa kichwa, mtangazaji akasifu mapigo.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba tusi likivaa suti ya Kiingereza hupita mlangoni, na likivaa kanzu ya Kiswahili husimamishwa. Huko ni kuidharau lugha yetu mara mbili: kwanza kwa kuifanya ndiyo pekee yenye kuchafua, na pili kwa kudhani kwamba watoto wetu wanaokaa darasani miaka mingi wakifundishwa Kiingereza hawakielewi wanachosikia. Wanaelewa. Wasioelewa ni wapimaji.

Na tusiwasahau dada zetu. Mei 2016 video ya Chura ya Snura ilifungiwa, naye mwenyewe akazuiwa maonyesho. Wanaume nao wamefungiwa, hatukatai. Lakini tazameni jinsi watu walivyozungumza. Mwanamke akicheza katika wimbo wa mwanamume, yeye ni pambo, na mwanamume husifiwa kwa kazi nzuri. Mwanamke huyo akisimama na wimbo wake mwenyewe, maneno yote humwangukia yeye, malezi yake na mama yake mzazi. Na hao wanaomlaani mchana ndio waliojaza ukumbi jana usiku.

UCHAGUZI UKIFIKA

Kisha njoni mwangalie wakati wa kampeni. Mwaka 2015 na mwaka 2020 wasanii walipandishwa majukwaani na magari ya matangazo yakazunguka na mapigo yao. Wakati huo mwimbaji huwa kioo cha jamii na mwalimu wa vijana. Kura zikishahesabiwa, kijana akiimba bei ya unga, hukumbushwa maadili. Mwimbaji wa sifa hapimwi. Mwimbaji wa kilio hupimwa mpaka pumzi yake. Na sisi twasema, chama chochote kinachomtaka msanii siku ya kura na kumkimbia siku ya taabu ni ndumilakuwili, kiwe chama gani.

TUNALOTAKA

Hatuji na malalamiko matupu. BASATA iliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na Katiba ya mwaka 1977 yasema katika ibara ya 13 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na katika ibara ya 18 kwamba kila mtu ana uhuru wa kutoa mawazo yake. Basi twataka haya.

Kwanza, wimbo ukifungiwa, yaandikwe hadharani maneno yenye kosa na kifungu cha sheria kilichovunjwa. Neno "maadili" peke yake si kifungu.

Pili, mwimbaji asikilizwe kabla ya adhabu, na awe na mahali pa kukata rufani pasipokuwa mezani kwa yule yule aliyemhukumu.

Tatu, kinachokatazwa kwa Kiswahili kikatazwe kwa kila lugha, na kinachoruhusiwa kwa mgeni kiruhusiwe kwa mwenyeji.

Nne, kumsema mkubwa kusichanganywe na matusi. Nyimbo za watu wazima zipangiwe saa zake. Nyimbo za kusema kweli zisipangiwe saa.

Na nyinyi wanachama, msingoje ofisi. Wimbo unaomdhalilisha binti yako usiununue, usiucheze, mwambie dereva auzime. Lakini siku mwimbaji atakapofungiwa kwa kumsema mtu usiyempenda, au hata kwa kukusema wewe, simama naye. Anayetetea wimbo unaompendeza tu hajatetea kitu.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Leo umechomwa wimbo wa kiuno na watu wamecheka. Kesho utachomwa wimbo wa mkulima asiyelipwa pamba yake, na wa kucheka hatakuwapo.

KIPIMO KIMOJA KWA WOTE!