Masuguru ipi? Acheni kumfichia draiva makosa

Leo sina umbea wa bweni, nina hasira.

Projekti yetu ya mwaka wa tatu ni programu ya kliniki za watoto. Tumeandika kwa Java, data ziko MySQL. Kuna databesi ya Handeni na ya Korogwe, na kila moja ina jedwali linaloitwa masuguru, kwa sababu Masuguru ziko mbili (mimi wa ile ya Handeni, msianze utani). Programu inaiuliza draiva kwa getColumns: jedwali hili lina kolamu gani? Jibu likaja na kolamu za Masuguru zote mbili. Uzito wa mtoto mara mbili kwenye fomu moja!

Wenzangu kwenye grupu eti tubadilishe jina, liwe masuguru_h, maisha yaendelee. Jamani.

Hebu tuelewane. Draiva ya MySQL, ukiiacha ilivyo, databesi inaiita katalogi, na ile nafasi ya skima inaipuuza. Sisi Handeni tumeiandika kwenye skima kama wafanyavyo watu wa PostgreSQL. Haikukataa, haikuonya, ikaleta zote. Mtasema imeandikwa kwenye maelezo yake. Sawa, na tangu toleo la 8.0.17 la mwaka 2019 kuna mpangilio wa databaseTerm wa kuifanya isome skima. Lakini mtu umemuuliza habari za Handeni, anakujibu na za Korogwe bila kukwambia hakusikia, huyo utamwamini kwa lipi? Kunyamaza ndiyo kosa lenyewe.

Tena hilo jina lenu lina mtego. Kwenye getColumns jina la jedwali ni kigezo cha kutafutia, na alama ya _ maana yake herufi yoyote moja. Siku mtu akiunda masuguru2h, mmerudi palepale. Lazima uikinge kwa alama ambayo draiva yenyewe inaitaja ukiita getSearchStringEscape. Nani kati yenu amewahi kuiita?

Msimbo wa draiva uko wazi, yeyote anaweza kupeleka marekebisho. Mimi naandika kipande cha kuifanya ipige kelele ikipewa skima isiyoitumia, Jumatatu nakuja nacho lab. Anayetaka kubadilisha majina aje kwanza aniambie mtoto wa kilo 9 pale kwenye fomu yetu ni wa Masuguru ipi.