Kupunguza uzito: Kigali na Dar es Salaam zinatufundisha nini kuhusu ari inayochoka

Mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumapili asubuhi, baadhi ya barabara kuu za Kigali hufungwa kwa magari kwa saa chache na kuachiwa watembea kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Utaratibu huo ulianza Mei 2016 ukiwa wa mara moja kwa mwezi, kisha ukaongezwa. Nchini Tanzania, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya wananchi kunyoosha viungo. Katika nchi zote mbili, kuenea kwa magonjwa yasiyoambukiza, kama vile kisukari na shinikizo la damu, ni miongoni mwa sababu zilizotolewa.

Kwa wasikilizaji wetu wa hapa Burundi, suala si kama watu wanafahamu madhara ya uzito uliopita kiasi. Wengi wanayafahamu. Suala ni kwa nini anayeanza kwa ari kubwa hukata tamaa baada ya miezi michache, na kama hatua za majirani zinaweza kumsaidia asirudi nyuma.

Mwili nao hupinga

Anayeacha mara nyingi huitwa mvivu. Hukumu hiyo si ya haki. Katika miezi ya mwanzo uzito hushuka upesi, kisha mizani huganda. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko awali, na homoni zinazochochea njaa huongezeka. Kwa hiyo mtu huona njaa zaidi wakati ambapo juhudi zake zinaleta matokeo madogo zaidi. Aliyeweka tumaini lake lote kwenye mizani huvunjika moyo hapo.

Lipo pia shinikizo la jamii. Katika miji mingi ya ukanda wetu, kitambi bado huhesabiwa kuwa dalili ya neema, na mwanamke mnene husifiwa kwamba ametunzwa. Anayepungua hukutana na swali kila kona: “Mbona umekonda hivyo, unaumwa?” Akialikwa harusini au kwenye futari, kukataa sahani ya pili huonekana ni kumdharau mwenyeji. Ari ya mtu mmoja haiwezi kushindana na mtaa mzima kwa muda mrefu.

Faida ya siku iliyotengwa

Hapa ndipo hatua za Kigali na Dar es Salaam zinapopata maana. Siku iliyotengwa humwondolea mtu mzigo wa kuamua upya kila asubuhi. Tarehe inajulikana, barabara ni salama, na majirani wote wanatoka. Mama wa makamo anayeona haya kukimbia peke yake mtaani hachekwi anapokimbia kati ya mamia. Kigali imeongeza jambo jingine la busara: washiriki hupimwa bila malipo shinikizo la damu, sukari na uzito. Mtu ambaye mizani yake imeganda anaweza kugundua kwamba shinikizo lake limeshuka, na hiyo ni sababu tosha ya kuendelea.

Hata hivyo, hesabu inaonyesha upungufu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, yaani dakika 600 kwa wiki 4. Mkazi wa Kigali akitembea saa 2 katika kila moja ya Jumapili zile mbili, atapata dakika 240, chini ya nusu. Kwa Jumamosi moja ya Tanzania ni dakika 120, sehemu moja ya tano tu. Tena mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo iwapo soda, maandazi na chai ya sukari nyingi vinabaki palepale.

Lengo dogo, wenzi wa kudumu

Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushei tu. La kuzingatia ni kwamba washiriki hao hawakuachwa peke yao: walikutana na washauri mara kwa mara, mwanzoni na hata baada ya miezi ya kwanza kupita.

Hilo ndilo pengo ambalo siku ya kitaifa haiwezi kuliziba. Vikundi vya mchakamchaka vya mitaani, ambavyo Dar es Salaam inavyo kwa wingi na Bujumbura inavifahamu vyema, vinaweza kulijaza, kwa kuwa hukutana kila wiki na humtafuta asiyeonekana. Serikali ina uwezo wa kufunga barabara na kuleta vipimo. Kumgongea mlango aliyekosa mara mbili ni kazi ya mwenzake wa mtaani, na mara nyingi hapo ndipo hujulikana nani ataendelea na nani ataacha.