SIHA YA NYUMBANI: Pafu Huokolewa kwa Kuwahi



Mwezi huu twazungumza juu ya uvimbe wa mapafu, khasa saratani, na jinsi matabibu wawezavyo kuuondoa pasi na kulitoa pafu zima.

Pafu la kulia lina sehemu tatu, na la kushoto mbili. Njia za pumzi ni mfano wa mti uliopinduliwa: shina juu, matawi chini. Mwaka 1933 Dr. Evarts Graham wa St. Louis, Marekani, alimtoa mgonjwa wa saratani pafu zima la kushoto, naye akaishi takriban miaka 30 zaidi. Lakini si kila mtu awezaye kustahimili kubaki na pafu moja. Mwaka 1947, huko Uingereza, Clement Price Thomas alimpasua kijana wa jeshi la anga mwenye uvimbe katika tawi kuu la pumzi. Pafu hakulitoa, alikata kipande cha njia chenye uvimbe, kisha akazishona ncha mbili zikaungana. Baadaye wapasuaji wakaweza kutoa sehemu moja yenye saratani pamoja na kipande cha njia, na kuziacha sehemu nzima zikipumua.

Kwa mkulima wa Ufipa, apandaye vilima na jembe begani katika nchi iliyoinuka kiasi cha mita 1,800, kila sehemu ya pafu ni riziki yake.

Hata hivyo, upasuaji huu una sharti: saratani iwe haijaenea. Hapo ndipo wengi wachelewapo. Kikohozi hudhaniwa ni kifua kikuu tu, au kurogwa. Yasemwa kwamba Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Basi na dhana hiyo tuitupe. Akohoaye zaidi ya wiki 2, au atemaye damu, aende hospitali. Aliyetibiwa kifua kikuu asipate nafuu, arudi achunguzwe tena. Safari ya kwenda hospitali kubwa za Mbeya au Dar es Salaam ni ndefu; tusiirefushe kwa kungoja nyumbani.

Nanyi vijana, iepukeni sigara. Dr. Graham mwenyewe, aliyevuta kwa miaka mingi, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Na katika baridi ya Ufipa, tusijifungie ndani na moshi wa kuni. Jiko lipate dirisha.